Ala ya Colt 1851 Navy: mtindo wa California au wa Mexico?

UziWaKitani: Wadau, nina ngozi ya ng'ombe iliyodabaghiwa kwa magome, unene milimita 3.5. Nashona ala (mfuko wa kiunoni) ya nakala ya bastola ya Colt 1851 Navy, mtutu inchi 7.5. Nifuate mtindo upi?

Msharasi: California, bila kusita. Ndio mtindo wa Navy tangu miaka ya 1850. Ule wa Mexico ulishamiri miaka ya 1870, zama za Colt ya 1873. Tena unene wako unaifaa California, kwa kuwa ngozi inakunjwa mara moja na kushonwa upande mmoja. Kwenye Mexico mfuko hupenyezwa kwenye vitanzi vilivyokatwa katika ngozi ya mgongo, kwa hiyo utarundika mfuko, mgongo na kitanzi, ala inakuwa gogo.

Kata karatasi kwanza. Kila upande wa mkunjo: nusu ya mzingo wa bastola penye silinda (sehemu ya duara inayobeba risasi), jumlisha unene wa ngozi na milimita 6 za mshono. Kitanzi cha mkanda kishonwe kabla ya kukunja. Baadaye sindano haifiki.

Nta_Nyeusi: Mkuu Msharasi, Mexico usiitupe. Kwa ngozi ya milimita 2.8 haiwi nzito, na mfuko ukichoka unauchomoa na kushona mwingine. Kinachoharibu ni nafasi za kitanzi: zikiwa pana, mfuko unateremka. Zikate pungufu ya upana wa mfuko kwa milimita 3, ngozi ikiloweshwa itanyooka yenyewe. Kila mwisho wa mkato toboa tundu la duara, la sivyo ufa unaendelea.

Kwato: Vipi ngozi ya kromu, iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromu badala ya magome? Ni laini, inakatika vizuri.

Msharasi: Hapana, ndugu. Haishiki umbo hata ukiilowesha, na chumvi zake hutia chuma kutu. Baki na ya magome.

UziWaKitani: Nakwenda na California. Mshono je?

Nta_Nyeusi: Sindano mbili, uzi wa kitani wenye nta, tundu kila milimita 4, mstari milimita 5 kutoka ukingoni. Katikati ya kingo weka ukanda mwembamba wa ngozi ileile. Huo usiuruke: mkono wa kushindilia risasi uko chini ya mtutu, upande wa mshono, na bila ukanda ncha yake itakula uzi.

Kisha lowesha ala mpaka viputo vikome, ngoja rangi ya ngozi ianze kurudi. Hakikisha bastola haina risasi wala baruti, ifunge kwa plastiki, na ubandike kijiti cha milimita 5 juu ya mtutu ili kilengeo kipate njia yake. Kandamiza kwa vidole tu. Ukichora kila kona ya silinda, bastola itang'ang'ania wakati wa kuchomoa.

Msharasi: Ikaukie kivulini siku nzima. Jiko au jua kali huifanya ngozi isinyae na kupasuka penye mkunjo. Mafuta ya kwato za ng'ombe paka mara moja tu, safu nyembamba. Yakizidi ala inalegea. Na usihifadhi bastola humo: ngozi hushika unyevu, na asidi ya magome hula chuma.