Naomba ushauri: watoto wanaharisha damu, mmoja hajapona

Habarini ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma. Ndani ya wiki tatu watoto sita wa chini ya miaka 5 wameharisha damu na kamasi, na homa juu. Wanne wanatoka kaya mbili zinazotumia choo kimoja.

Zahanati iliwapa siprofloksasini ya siku 3, zinki na ORS. Watano wamepona. Wa sita, mwaka mmoja na miezi minane, mama yake alianzia duka la dawa akauziwa metronidazo. Hiyo ni ya amiba, shigela (bakteria wa kuhara damu) haiigusi, na siku nne zikapotea hivyo. Siprofloksasini alianza juzi. Homa imeshuka na ananyonya, ila damu bado ipo. Hapa hakuna maabara ya kuotesha vimelea.

Kinga: tunatibu maji kwa klorini, na tumetengeneza vibuyu chirizi vya kunawia mikono vyooni. Sabuni haikai, kunguru wanaibeba (msicheke).

Narudi naye zahanati leo hii. Maswali yangu mawili: damu ikiendelea baada ya siku mbili za dawa, wenzangu huko mnabadilishiwa dawa gani, au mnapewa rufaa moja kwa moja? Na nepi za wagonjwa, ambazo sasa zinafuliwa ziwani, mmewashawishije akina mama wazifulie mbali na maji?