Wauza tairi za pikipiki kubwa: mnatuuzia mpira mfu, halafu mnatuambia "hili haliishi"

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tabora, na leo sina salamu ndefu. Nimechoshwa na neno moja: "linadumu". Kila unayempigia simu kuulizia tairi la nyuma la 180/55-17, jibu ni hilohilo. Linadumu, kaka. Haliishi hilo, utamwachia mwanao. Hakuna hata mmoja anayekuambia linadumu kwa sababu gani, na hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Tairi la pikipiki ya mbio linashika kwa sababu mpira wake ni laini. Unajibana kwenye vijishimo vya lami, unavutika, unaachia, na kila unapofanya hivyo unabaki umepungua kidogo. Kule kushika ndiko kunakolimaliza. Likishika sana, ujue litaisha mapema. Likidumu sana, uliza limenyimwa nini. Viwanda vikubwa vimepambana na jambo hili miaka na miaka: vinaweka mpira mgumu kidogo katikati na laini pembeni, vinachanganya unga wa madini uitwao silika ili tairi lishike hata barabara ikiwa na maji au ya baridi. Hiyo ni kazi ya kweli na bei yake tunaielewa.

Ila kuna njia ya pili ya kupata tairi "lisiloisha", na haihitaji kiwanda. Liache tu stoo miaka kadhaa chini ya bati. Joto na hewa vinaukausha mpira, unakuwa mgumu, haushiki lami, na usiposhika hauliki. Meno yote yapo, linang'aa kama jipya, na kwenye kona ya mvua ni sabuni. Hilo ndilo nililouziwa mimi kwa bei ya tairi jipya.

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa kwetu madukani saizi za bodaboda, 2.75-18 na 3.00-18, zimejaa mpaka barazani. Za pikipiki ya cc 600 kama yangu lazima uagize. Nikaongea na muuzaji wa Dar, akanitumia picha safi, vinyweleo vya mpira bado viko juu ya tairi. Nikalipa, mzigo ukaja na basi. Nafungua, ubavuni kwenye maandishi ya DOT, yale ya kiwandani yanayoishia na tarehe ya kutengenezwa, pamebandikwa stika ya duka, na imebandikwa palepale penye namba nne za mwisho. Nikaibandua: 3116. Namba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yaani wiki ya 31 ya mwaka 2016. Stika ile haikuangukia pale kwa bahati mbaya. Aliyeibandika anajua namba zile zinasema nini, na alikuwa anajua mimi ningezitafuta.

Nikampigia. Akasema tairi si maziwa, haliharibiki kama halijatembea. Nikamwomba anirudishie hela, akasema ukishafungua mzigo umenunua. Nikaomba risiti ya mashine, akakata simu. Fundi wangu alikandamiza ukucha kwenye ule mpira, haukuingia hata alama. Sijalifunga na sitalifunga, kwa sababu nina mwenzangu wa Isevya aliyefunga la mbele kutoka kwa mtu huyohuyo. Kiangazi chote lilikwenda vizuri. Mvua ya kwanza ya Novemba, ile inayokuta vumbi na mafuta ya miezi sita juu ya lami, akaingia mzunguko kwa mwendo wa kawaida kabisa, mbele kukateleza bila kutoa taarifa. Akavunjika mfupa wa bega. Na kabla ya hapo alikuwa analisifia lile tairi kwamba haliliki! Halikuwa linalika kwa sababu halikuwa linashika chochote.

Sasa njooni kwenye uongo wa namba. Muuzaji mwingine akanitajia "tredwea 400", yaani namba ya kuonyesha tairi linachelewa kuisha kiasi gani, ili nilinganishe na lingine la 300. Wakuu, mtu akikutajia namba hiyo kwenye tairi la pikipiki, achana naye. Mpango ule wa Marekani wa kupima uchakavu ni wa magari madogo, pikipiki hazimo. Zile lebo za Ulaya zenye herufi za kushika kwenye maji nazo hazihusu pikipiki. Hakuna namba rasmi ubavuni inayokuambia tairi la pikipiki litadumu kiasi gani. Kuna uzito linaobeba, kuna herufi ya kasi, kuna tarehe, na kuna vile vinundu vya TWI ndani ya mifereji: meno yakishuka yakalingana navyo, tairi limekwisha, hata kama kwa macho halijawa kipara.

Herufi ya kasi yenyewe wanaichezea. Yupo aliyenishauri nifunge "kwa muda" tairi la herufi P, eti ni nene na gumu. P maana yake mwisho kilomita 150 kwa saa. Pikipiki yangu imetoka kiwandani na W, yaani 270. Simaanishi kwamba nakwenda 270 kuelekea Nzega. Herufi hiyo inaeleza pia tairi linavyostahimili joto, na joto la Tabora mwezi wa kumi nyote mnalijua.

Kundi lingine linaloniudhi ni washauri wa mitandaoni. Mtu anauliza achukue tairi gani, anaambiwa Supercorsa, tairi la mbio la Pirelli, kwa sababu Pirelli ndio wanaofungwa kwenye mbio za pikipiki za World Superbike. Kweli, Pirelli walianza kutoa tairi zote za mashindano yale mwaka 2004. Lakini kule kabla ya mbio tairi zinafunikwa mablanketi ya umeme yanayozipasha moto, halafu zinakwenda kwenye kona moja baada ya nyingine. Barabara ya Tabora kwenda Nzega ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa imenyooka. Ya Urambo na Kaliua vilevile. Pembeni mwa tairi hapapati joto hata kidogo, katikati panachakaa peke yake mpaka tairi linakuwa bapa, na siku ukilaza pikipiki kwenye kona unahisi inagoma, halafu inaanguka ghafla upande mmoja. Umelipia mpira laini wa pembeni ambao hutautumia, na ule wa katikati umeutupa barabarani kwa miezi michache.

Kwa sisi wa huku, linganisheni tairi za familia moja. Za kiwanja cha mbio ziacheni kiwanjani. Za michezo za barabarani, kama Diablo Rosso IV, Michelin Power 5 au Battlax S22, zinashika vizuri sana na zinaisha mapema kuliko za safari. Za safari ndefu, kama Michelin Road 6, Metzeler Roadtec 01 au Angel GT II, zimetengenezwa kupoa na kupata moto bila kubadilika sana, zinashika kwenye maji na zinakwenda mbali. Mtu wa Tabora anayesafiri kwenye hizi barabara zilizonyooka, mimi namwambia achukue kundi hili la mwisho bila kujiuliza mara mbili. Wa Kigoma mnaopanda na kushuka Mwanga na bandarini kila siku mnaweza kubishana nami, huko mna vilima na kona za kutosha.

Na upepo, jamani. Fundi pancha anayepima kwa kugonga tairi na spana hapimi kitu. Pikipiki nyingi za 600 hadi 1000 ni psi 36 mbele na 42 nyuma, namba zipo kwenye stika ya pikipiki yenyewe au kwenye kitabu chake. Ukitembea na 28 tairi linachemka na kuisha, kisha lawama inakwenda kwa kampuni iliyolitengeneza.

Wengine wamefika mahali pa kuchonga kipara kwa kisu cha moto ili kionekane na mifereji. Hilo nimeliona kwa macho yangu likiuzwa kama "mtumba safi wa Japani". Mpira uliobaki chini ya mfereji wa kuchonga ni mwembamba kiasi kwamba nyuzi ziko jirani. Anayefanya hivyo anajua kuna mtu atapanda juu yake, pengine na abiria.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu: Mdau aliyesema "tatizo lako unataka vitu vya Ulaya" hajanielewa. Sitaki vya Ulaya. Nataka kuambiwa mwaka. Tairi la 2016 uzeni kama la 2016, kwa bei yake, mtu aamue mwenyewe kama ataliweka kwenye toroli. Kwa aliyeuliza niende wapi: Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji dhidi ya kudanganywa kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Picha za stika, namba za DOT, ujumbe wa muuzaji na muamala wa simu ninavyo vyote na ninavipeleka. Mwenzangu wa Isevya naye anapeleka vyake pamoja na karatasi za hospitali.

Mwenye 120/70 na 180/55 za safari, zisizozidi miaka miwili, aliye tayari kunipigia picha ya zile namba nne kabla sijatuma hela na kunipa risiti ya mashine, aje inboksi leo. Wa "mzigo upo, bei maelewano" asijisumbue.