Ukinzani wa utando wa oksidi ya zinki unabadilika kila ninapopima: kosa liko wapi?

Muulizaji

Wataalamu, nawasalimu. Ninafanya utafiti mdogo kuhusu tabia za umeme za tando nyembamba za oksidi ya zinki zilizolazwa juu ya kioo, na nimekwama mahali nilipodhani ni pepesi kuliko pote, yaani kupima ukinzani.

Sampuli ya kwanza imechanganywa na aluminiamu kidogo. Unene wake ni nanomita 300, nayo ni mraba wenye upande wa milimita 25. Nikiigusa katikati kwa ncha mbili za multimita zilizoachana milimita 10, nasoma omu 180. Nikizinyanyua ncha na kuzirudisha palepale nasoma 240, na nikikandamiza zaidi namba inashuka. Sampuli ya pili haikuchanganywa na kitu chochote, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi: asubuhi inasoma megaomu kadhaa, lakini ikilala mezani karibu na dirisha, kufikia mchana imeshuka chini ya nusu bila mtu kuigusa.

Nahitaji ukinzani mahususi (ukinzani wa maada yenyewe, usiotegemea umbo la sampuli) wa tando zote mbili kwa sababu nataka kuziweka katika saketi ya kihisi, kama mkono mmoja wa kigawa volteji, yaani vikinza viwili mfululizo vinavyogawana volteji. Je, mbovu ni multimita, ni utando, au ni mimi?

Jibu la kwanza

Ndugu, multimita yako inasema kweli, ila inajibu swali ambalo hukuliuliza. Unapopima kwa ncha mbili, mkondo na volteji hupita katika nyaya zilezile, kwa hiyo namba unayoisoma ni jumla ya ukinzani wa nyaya, wa mguso wa ncha ya kwanza, wa utando wenyewe, na wa mguso wa ncha ya pili. Ncha ya chuma inapogusa utando mgumu hugusa vijinundu vichache tu, na vijinundu hivyo hubadilika kila unaponyanyua mkono. Ndiyo maana kukandamiza kunashusha namba.

Tumia ncha nne zilizopangwa katika mstari mmoja kwa nafasi sawa. Ncha mbili za nje zipitishe mkondo unaoujua, nazo mbili za ndani zisome volteji peke yake. Njia hii ina umri mkubwa: Frank Wenner aliieleza mwaka 1915 kwa ajili ya kupima ukinzani wa ardhi, na miaka ya 1950 ikahamia katika germaniamu na silikoni. Kinachoifanya ifae ni kwamba voltimita haivuti karibu chochote. Tuseme volteji ya ndani ni milivolti 7.4 na ukinzani wa ndani wa voltimita ni megaomu 10. Mkondo unaopita kwenye ncha za kusomea ni nanoampea 0.74. Hata mguso ukiwa na omu 100, volteji inayopotea hapo ni nanovolti 74, yaani sehemu moja katika laki moja ya kile unachokisoma.

Kisha kuna jiometria. Katika utando ambao ni mwembamba sana ukilinganishwa na nafasi kati ya ncha, mkondo hauendi kwa mstari ulionyooka, bali husambaa kwa miduara kutoka ncha ya kuingilia na kukusanyika kwenye ncha ya kutokea. Ukijumlisha mchango wa ncha zote mbili unapata kwamba ukinzani kwa kila mraba, yaani ukinzani wa kipande cha mraba cha utando, kiwe kikubwa au kidogo, ni uwiano wa volteji na mkondo, ukizidishwa kwa pai na kugawanywa kwa logi asilia ya 2, yaani ukizidishwa kwa 4.53. Hesabu hiyohiyo inafichua kitu kuhusu kipimo chako cha kwanza. Ikiwa utando wako una omu 33 kwa mraba, ambayo ni thamani ya kawaida kabisa kwa unene huo, basi ncha mbili zenye nusu kipenyo cha milimita 0.05, zikiachana milimita 10, zingesoma kama omu 56 hata kama mguso ungekuwa mkamilifu. Kwa hiyo katika omu 180 ulizosoma, zaidi ya 120 ni za mguso, na hizo 56 nazo si omu za mraba mmoja.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila naongeza mawili ambayo huwaponza wengi.

La kwanza, kigezo cha 4.53 ni cha utando usio na mwisho. Kwa mraba wako wa milimita 25 na ncha zinazoachana milimita 1, ukipima katikati kosa ni kama asilimia 1 tu, na unaweza kulivumilia. Ukisogea hadi mstari wa ncha ulale juu ya ukingo wenyewe, mkondo unakosa nusu ya njia zake na namba inakuwa maradufu. Nimewahi kuona mtu akitangaza kwamba utando wake hauna usawa kutoka kati hadi pembeni, kumbe alichokuwa anapima ni ukingo.

La pili, geuza mwelekeo wa mkondo kila mara na uchukue wastani wa ukubwa wa namba mbili. Tofauti ndogo ya joto kati ya ncha, hata ile inayotoka vidoleni mwako, huzalisha volteji yake yenyewe, nayo haibadiliki ishara unapogeuza mkondo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimetengeneza kishikio cha pini nne zinazoachana milimita 1, nikapitisha miliampea 1. Upande mmoja nimesoma milivolti 7.43, upande wa pili hasi 7.37, wastani 7.40. Nimenyanyua na kurudisha pini mara kumi na namba ya tatu tu ndiyo inayocheza. Hii inanipa omu 33.5 kwa mraba, na kwa unene wa nanomita 300 ukinzani mahususi ni kama omu-sentimita 0.0010.

Sampuli ya pili bado inanishinda. Nimeshusha mkondo hadi mikroampea 1, lakini namba bado inategemea nimekandamiza vipi pini, jambo ambalo nilielewa kuwa ncha nne zimelimaliza.

Jibu la tatu

Ncha nne hazikuuondoa ukinzani wa mguso. Ziliunyamazisha tu, na unabaki kimya mradi voltimita isivute mkondo. Rudia hesabu ya jibu la kwanza kwa sampuli yako ya pili. Juu ya utando wenye chembe chache za umeme, mguso mmoja unaweza kufikia megaomu mbili au tatu. Pini mbili za kusomea zikiwa na megaomu 5 kwa pamoja, zikifuatana na megaomu 10 za voltimita, theluthi nzima ya volteji inabaki kwenye miguso. Weka kati ya kila pini ya kusomea na voltimita opampu (saketi ndogo ya kukuza volteji) ambayo ingizo lake linavuta pikoampea chache tu, ikiwa imeunganishwa kufuata volteji bila kuikuza. Nyaya ziwe fupi na zenye kinga, la sivyo utakuwa unapima umeme wa taa za chumbani.

Kuhusu dirisha, utando si mbovu. Pengo la nishati la oksidi ya zinki, yaani nishati inayohitajika kuifanya elektroni iwe huru kupitisha umeme, ni kama elektronivolti 3.3, sawa na mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 376 hivi, na mwanga wa mchana una urujuanimno wa kutosha kuvuka pengo hilo. Juu ya hayo, oksijeni ya hewani hujibandika juu ya utando na kuteka elektroni. Mwanga huzalisha mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, yanayoikomboa oksijeni hiyo iondoke, na elektroni zinabaki huru kupitisha umeme. Kurudi kwake gizani ni kwa polepole mno, saa nyingi na pengine zaidi. Ile yenye aluminiamu haionyeshi hivyo kwa kiasi kikubwa kwa sababu tayari ina elektroni tele. Basi funika sampuli, na andika umekaa nayo gizani muda gani kabla ya kila kipimo; bila maelezo hayo namba yako haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Kwa upande wa saketi, usihangaike kujenga chanzo cha mkondo kisichoyumba. Unganisha rezista unayoijua, yenye utando wa metali na si ya kaboni, mfululizo na utando wako, na usome volteji zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa sampuli ya kwanza, rezista ya omu 100 itaonyesha milivolti 100 pale pini zinapoonyesha 7.4; mkondo ukiyumba, zote mbili zinayumba kwa pamoja na uwiano unabaki palepale. Katika kihisi chenyewe, usiibane kioo kwa vibanio viwili ukategemea kigawa volteji, kwa kuwa hapo miguso itarudi kuwa sehemu ya kipimo. Laza mistari minne ya metali juu ya utando tangu mwanzo.

Na ukiandika ukinzani mahususi, taja pia kosa la unene. Kama unene una shaka ya nanomita 15, hiyo ni asilimia 5, nayo inazimeza desimali zote ulizozipata kwa pini. Omu 33.5 kwa mraba haihitaji kujua unene; kwa kigawa volteji chako, hiyo ndiyo namba ya kutumia.

Muulizaji

Nimeifunika sampuli ya pili kwa sanduku jeusi tangu jana jioni, na nimeweka opampu mbili. Kukandamiza pini hakubadilishi kitu tena. Ukinzani ungali unapanda asubuhi hii, kwa hiyo nitaiacha gizani hadi kesho kabla ya kuandika namba yoyote.