MSAADA: viza ya mchekeshaji imekataliwa, tiketi zimeshauzwa

Dada wa Barking:
Wanajamvi, salaam. Mchekeshaji wetu wa Dar kanyimwa viza ya Uingereza. Barua inasema mwaliko hautoshi. Onyesho ni la mtu mmoja, dakika 70: kisa cha baba mpiga gitaa la dansi na mama wa taarab, nyimbo sita katikati. Zimebaki wiki saba na tiketi 140 zimeshanunuliwa. Tuahirishe au turudishe pesa?

Mzee wa Reading:
Pole, binti. Mwaliko kaandika nani? Kama ni karatasi ya chama cha kuzikana, tatizo ndilo hilo. Msanii wa kulipwa anaalikwa na taasisi ya sanaa, wakala wa wasanii au kituo cha utangazaji kilichopo Uingereza. Chama chetu ni cha misiba na pilau. Rufaa hakuna, ada hairudi, anaomba upya. Ukumbi ukiwa wa sanaa, wao ndio watoe barua: tarehe, malipo, nani analipa hoteli. Yeye aambatanishe mikataba ya maonyesho ya nyuma, mabango, na taarifa ya benki inayoonyesha malipo hayo yakiingia.

Mpemba wa Leicester:
Mzee, malizia basi. PPE, yaani ruhusa ya mgeni kufanya kazi fupi ya kulipwa, si viza ya peke yake tangu 31 Januari 2024, imo ndani ya viza ya kawaida ya mgeni. Ila lazima aitaje kwenye fomu, na onyesho lifanyike ndani ya siku 30 tangu aingie. Watu wanaona miezi sita kwenye viza, wanapanga onyesho la mji wa pili mwezi wa tatu tangu aingie. Hapo ameshavunja masharti. Mkitaka ziara ndefu, tafuteni mdhamini mwenye leseni atoe CoS, yaani hati ya udhamini wa kazi.

Mama wa Coventry:
Na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, kabla hajapanda ndege! Kadi yao ya usajili inasaidia pia kuonyesha kwamba uchekeshaji ndiyo kazi yake.

Dada wa Barking:
Ahsanteni. Na tiketi?

Fundi Mitambo, Luton:
Tiketi baadaye, kwanza nyimbo. Akiimba mwenyewe na gitaa, deni ni la mtunzi tu, linakusanywa na PRS, chama cha watunzi. Mkipiga rekodi kwenye spika, inaongezeka PPL, ya wenye rekodi. Kumbi nyingi zina leseni zote mbili, lakini wapeni orodha: jina la wimbo, mtunzi, sekunde. Wimbo ukibeba hadithi yenyewe, kama mchezo wa kuigiza, leseni ya ukumbi huenda isitoshe. Hapo ombeni ruhusa kwa mwenye wimbo.

Mzee wa Reading:
Na kodi. FEU, kitengo cha kodi cha wasanii wa kigeni, wanataka 20% ikatwe kabla hajalipwa, na hoteli mliyomlipia inahesabiwa. Jumla ya mwaka ikiwa chini ya £12,570 hamkati.

Mpemba wa Leicester:
Pombe ikiuzwa na ukumbi hauna leseni, TEN, yaani taarifa ya hafla ya muda kwa halmashauri, ni £21, ipelekwe siku 10 za kazi kabla, watu wasizidi 499.

Mama wa Coventry:
Pombe kwenye taarab, makubwa! Huyo mama anaimba taarab gani? Ya kinanda cha umeme?

Mpemba wa Leicester:
Kama ni mama wa mtaani, basi ni kidumbaki: ngoma mbili ndogo, fidla na sanduku. Hayo ya umeme ni kelele.

Fundi Mitambo, Luton:
Sanduku lile la chai, fimbo na uzi mmoja? Hilo maiki inalazwa chini, karibu na tundu. Ukiisimamisha mbele utapata fimbo tu, besi hakuna.