Mzee kawekewa stenti, sasa daktari anataka MRI ya moyo. Ya nini?

Kitindamimba_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu, miaka 63, alipata shambulio la moyo mwezi uliopita. Akakimbizwa Dar, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) ikasema moyo unasukuma asilimia 34 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Leo kliniki daktari kaandika MRI ya moyo. Eko tumeshalipia, hii nyingine inatafuta nini? Halafu stenti ni chuma na MRI ni sumaku, haitachomoka? Mama kashasema haendi mtu.

DadaWaMionzi
Mpe pole mama, lakini aondoe hofu. Stenti za moyo hazichomoki kwa MRI, hata mtu akipimwa wiki ileile aliyowekewa. Tunachoogopa sisi ni vyuma tusivyoambiwa: betri ya moyo ya zamani, klipu ya kichwani, chembe ya chuma jichoni kwa mtu aliyewahi kuchomelea. Semeni kabla hajaingia chumbani.

Eko inaonyesha ukuta wa moyo usiocheza. Kama umekufa au umezimia tu, hapo inabahatisha. Na tofauti ni kubwa, maana msuli ulionyimwa damu kwa muda unaweza kukaa wiki kadhaa bila kazi kisha ukarudi. Sisi tunapitisha dawa kwenye mshipa wa mkono, gadoliniamu, tunasubiri dakika kumi na kitu, ndipo tunapiga picha. Kwenye msuli ulio hai dawa inapita na kuondoka, kwenye kovu inatuama. Basi msuli ulio hai unatoka mweusi, kovu jeupe pee. (Picha ninayoipenda kuliko zote kazini, Mungu anisamehe.) Kovu huanzia ndani kwenda nje. Likila robo ya unene wa ukuta, sehemu hiyo ina nafasi nzuri ya kuamka. Likivuka nusu, matumaini yanapungua. Ukiona doa jeusi katikati ya weupe, ujue vimishipa vidogo vimeziba ingawa mshipa mkubwa uko wazi, na hiyo si habari njema. Tena kuna bonge la damu kwenye ncha ya moyo, ambalo eko hulikosa mara nyingine. Likionekana, dawa zinaongezwa.

Hiyo 34 nayo iko mpakani. Ikibaki 35 au chini baada ya siku 40 tangu shambulio, na miezi mitatu tangu kuzibuliwa, huku anameza dawa vizuri, madaktari huanza kuongelea kifaa cha kushtua moyo. Lazima watake namba ya uhakika.

BabuPresha
Kijana, figo! Mimi na sukari yangu niligeuziwa mlangoni kwa sababu hakuna aliyenipima kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo. Nauli ikaenda bure.

DadaWaMionzi
Shikamoo babu, umesema kweli. Figo zikiwa zimechoka sana, dawa hiyo tunaitafakari mara mbili.

Kitindamimba_Tanga
Asanteni sana. Shida nyingine, mzee akilala chali anahema.

DadaWaMionzi
Hilo mwambieni daktari kabla ya kupanga tarehe, huenda maji yamejaa mapafuni na yapunguzwe kwanza. Kule ndani atalala chali karibu saa nzima, na kila mara ataambiwa "vuta, toa, shika", akae sekunde 10 hadi 15 bila kupumua. Akipumua katikati, picha inavurugika tunarudia. Afanye mazoezi nyumbani, wewe ukimhesabia.