MINI Cooper S R53: puli ya asilimia 15, gari la Dar, daino ya Nairobi

Bandari_R53

Wakuu, naombeni msaada wenye uhakika. Gari ni MINI Cooper S R53 ya 2005, gia ya mkono spidi 6, injini ya 1.6 yenye supacharja (pampu ya kusukumia injini hewa, inayozungushwa kwa mkanda) ya Eaton M45. Nguvu ya kiwandani HP 170, haijaguswa bado. Linaishi Dar na litaendelea kuishi Dar. Mpango ni kufunga puli ya supacharja ndogo kwa asilimia 15, plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka), halafu lipandishwe Nairobi likapimwe kwenye daino (mashine ya rola ya kupima nguvu ya gari) na kutuniwa ECU (kompyuta ya injini) hukohuko.

Nataka kujua mambo matatu. Nikague nini kabla ya kufunga puli? Tuni ya Nairobi itafaa Dar? Na muuzaji wa puli wa Uingereza ananipa faili la ECU "lililo tayari", anasema niliweke tu. Niliweke?

rola_na_mzigo

Mkuu, naanza na swali lako la pili, maana hapo ndipo injini zinapofia.

Shinikizo la hewa Nairobi ni karibu milibari 830. Dar ni karibu 1,010. Supacharja ya aina ya M45 haijui iko wapi: kila mzunguko inameza ujazo uleule wa hewa, na inachofanya ni kuzidisha shinikizo inalolikuta. Tuseme kwa puli yako mpya inazidisha mara 2. Nairobi, ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa) utapata bari 1.66, ukihesabu pamoja na shinikizo la hewa ya nje. Dar utapata 2.02. R53 haina sensa ya kupima wingi wa hewa inayoingia. ECU inasoma shinikizo na joto la manifoldi, halafu inatafuta kwenye jedwali petroli kiasi gani na cheche lini. Maana yake ni kwamba visanduku vyote vya jedwali kati ya 1.66 na 2.02 havitaguswa hata kimoja kwenye daino ya Nairobi. Fundi atakukabidhi karatasi nzuri kabisa, na siku ya kwanza ukikanyaga mafuta mpaka mwisho barabara ya Bagamoyo, injini itaingia sehemu ya jedwali ambayo hakuna mtu aliyeijaribu.

Kwa hiyo mwambie fundi mapema kwamba gari ni la pwani. Safu za juu za jedwali azijaze kwa tahadhari: petroli izidi kidogo, na taimingi ya cheche irudishwe nyuma digrii 3 hadi 4 kuliko ambavyo mwelekeo wa jedwali unamwambia. Kazi imaliziwe Dar kwa kurekodi data: shinikizo la manifoldi, joto la hewa baada ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye supacharja), uwiano wa hewa na mafuta kutoka sensa pana iliyofungwa kwenye ekzosi, na digrii ambazo ECU inazirudisha baada ya kusikia kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda). Taimingi ipandishwe digrii moja moja kwa ushahidi wa data hizo.

Jambo jingine, utakapoangalia geji ya busti (shinikizo linalozidi lile la hewa ya nje) Nairobi usishtuke. R53 ya kiwandani inayoonyesha karibu bari 0.8 pwani itaonyesha kama 0.65 kule juu. Si uvujaji. Watu wanabadilisha mipira ya intakula na vali ya baipasi kutafuta busti ambayo haikupotea.

Faili la muuzaji liache. Likiandikwa kwa petroli ya Uingereza ya RON (kipimo cha kustahimili kugonga) 98 au 99 na hewa ya nyuzi 15, halina kazi kwenye hewa ya Dar ya nyuzi 32.

FundiPuli

Nakazia alichosema mkuu hapo juu, mimi niongelee vyuma.

Kwanza hesabu ya puli, maana wengi wanaikosea. Puli ndogo kwa asilimia 15 haiongezi kasi ya supacharja kwa 15. Inaongeza kwa 17.6, kwa kuwa unagawa 1 kwa 0.85. Ya asilimia 17 inaongeza 20.5, na ya 19 inaongeza 23.5. Kwa M45 ya injini hii, 15 ndiyo ninayoipendekeza kwa gari la joto. Zaidi ya hapo rota (vyuma vinavyozunguka ndani ya supacharja) zinapasha hewa moto kuliko zinavyoisukuma. Chukua hewa ya nyuzi 32, uizidishe mara 2, ufanisi wa rota uwe asilimia 55: inatoka karibu nyuzi 150 kabla haijafika intakula. Na ile intakula ni ndogo, imekaa juu ya injini, inapikwa na kila kitu kilicho chini yake.

Kabla ya kufunga puli, kagua hivi:

Mafuta ya supacharja yenyewe. M45 ya MINI ina vyumba viwili vya mafuta, kimoja mbele upande wa puli, kingine nyuma penye gia zinazozungusha pampu ya maji. Ndiyo, pampu ya maji ya R53 inaendeshwa na supacharja. Chumba cha nyuma ndicho kinachokauka kwanza, gia zinaliwa, pampu inasimama, injini inachemka. Kwa gari la 2005 ambalo halijawahi kufunguliwa, usifunge puli kabla ya kuishusha supacharja na kubadilisha mafuta ya vyumba vyote viwili. Tumia mafuta maalumu ya supacharja za Eaton. Ya injini au ya gia hayafai. Ukichomoa kizibo cha nyuma ukakuta tope jeusi linalonuka kuungua, zitazame gia kwanza. Na pampu ya maji ibadilishwe hapohapo, kwa sababu umeshafika.

Puli ya krenki. Ya kiwandani ni vipande viwili vya chuma vilivyogandishwa kwa mpira katikati, na mpira huo huachia. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kitovu hadi ukingo wa nje, endesha siku kadhaa, kisha angalia. Mstari ukikatika, yaani nusu moja imesogea, puli imekwisha. Ukiiacha, daino itakuonyesha busti inapanda vizuri halafu inalegea juu, na utadhani ni mkanda.

Tenshena (kikaza mkanda). Kale kashoka-abzoba kake kakivuja au kakilegea, mkanda unapiga. Na mkanda wenyewe uwe mfupi kwa karibu milimita 10 kuliko wa kiwandani. Ukirudisha ule wa zamani, tenshena inafika mwisho wa safari yake na mkanda unateleza.

Kuitoa puli ya zamani: imeshindiliwa kwenye shafti. Tumia pula yake maalumu inayoshika kingo za puli na kusukuma katikati ya shafti. Usipige nyundo, usipashe kwa moto wa gesi. Beringi na sili ya mbele viko sentimita chache tu nyuma yake. Ondoa tairi la mbele la kulia na plastiki ya ndani ya bodi, funga tenshena kwa pini, weka jeki na kipande cha ubao chini ya injini, fungua maunti (kishikio cha injini) ya kulia, kisha shusha au pandisha injini kidogo kidogo mpaka pula ipate nafasi.

Plagi: kwa NGK toka namba 6 nenda 7 (kwao namba kubwa ni baridi zaidi), mwanya milimita 0.7 hadi 0.8. Ukiacha mwanya mpana, cheche inazimwa na busti na injini inakatakata kuanzia mizunguko 5,000.

Bandari_R53

Ahsanteni sana wakuu. Injekta (vinyunyizia petroli) je, za kiwandani zitatosha? Na karatasi ya daino nitaisomaje ikiwa Nairobi hewa ni nyepesi?

rola_na_mzigo

Injekta ndiyo mtego wa pili wa Nairobi. Za kiwandani ni cc 330 kwa dakika. Nne, kwa asilimia 85 ya uwezo wake, zinatoa takriban kilo 50 za petroli kwa saa. Injini ya supacharja kwenye mzigo kamili inakula karibu gramu 365 kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo kilo 50 zinabeba kama kilowati 136, yaani HP 185 za injini. Wewe unaelekea karibu 200 Dar. Injini hiyohiyo Nairobi inatoa kama 163 halisi, kwa hiyo injekta za 330 zitatosha bila jasho na mchanganyiko utakuwa safi kwenye grafu. Ukishuka pwani zitafika mwisho wake, mchanganyiko utakosa mafuta juu ya mizunguko 6,000, na hapo ndipo pistoni inapotoboka. Funga za cc 380 kabla ya safari. Zilezile zilitumika kwenye toleo la John Cooper Works. Kwa hesabu ileile zinabeba zaidi ya 210. Ukizifunga, usiendeshe kwa nguvu mpaka ECU iambiwe.

Karatasi: uliza upewe namba mbili, iliyopimwa na iliyosahihishwa. Kwa kanuni ya DIN, unagawa 1,013 kwa shinikizo la siku hiyo, kisha unarekebisha joto. Kwa milibari 830 na nyuzi 25, kizidisho ni karibu 1.23. Rola zikipima HP 118 kwenye matairi, karatasi inaandika 145. Kwa supacharja yako kizidisho hicho kinakaribia ukweli, kwa kuwa nguvu inashuka pamoja na hewa. Kwa gari la tabo kinadanganya, kwa sababu tabo hujiongezea kasi na kufidia. Kwa hiyo usilinganishe karatasi yako na ya Subaru ya jirani. Linganisha na yako mwenyewe ya kabla, rola zilezile, kizidisho kilekile.

Hiyo maana yake pimisha mara tatu mfululizo kabla ya kubadilisha chochote kwenye ECU. Gia ya 4, DSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) imezimwa, upepo wa matairi uleule, mafuta ya injini yafike nyuzi 90. Boneti ifungwe! Intakula ya R53 inapata hewa kupitia tundu la boneti, na boneti ikiwa wazi feni ya rejeta haiifikii. Omba feni ya pili ielekezwe kwenye lile tundu. Subiri hadi joto la manifoldi lirudi chini ya nyuzi 45 kabla ya kila mpigo. Ukipiga mfululizo bila kusubiri, ECU itarudisha cheche nyuma, na tofauti ya HP 8 au 10 utakayoiona itakuwa joto tu.

FundiPuli

Niongeze namna ya kuisoma mistari. Busti ikiwa chini kwa kiwango kilekile tangu 2,500 hadi mwisho, angalia vali ya baipasi, haifungi kikamilifu, au mipira miwili ya intakula. Ikipanda kawaida kisha kushuka baada ya 5,500, ni mkanda, tenshena au puli ya krenki. Busti ikiwa sawa lakini nguvu inaanguka, fungua data ya cheche. Mchanganyiko kwenye mzigo kamili uwe kati ya 11.8 na 12.3 (uzito wa hewa kwa 1 ya petroli) kwa joto la Dar.

Bandari_R53

Nimeelewa. Naagiza injekta za 380, mkanda na mafuta ya supacharja kwanza. Sensa pana nitaifunga kabla ya kupanda, ibaki humo hadi tuni ya Dar ikamilike.