Mjadala: Redio ya kodi itatuambia ukweli wa vita?

Mwanjelwa: Wakuu, Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, vijana wetu wa JWTZ walikuwa huko chini ya SADC. Hapa Mbeya ukitaka undani unafungulia DW ya Ujerumani au BBC ya Uingereza. TBC inakula kodi yetu kwa taarifa za ziara na uzinduzi. Ruzuku ikatwe.

Kihesa, Iringa: Ndugu yangu, hao unaowakimbilia nao wanalipwa na serikali zao. Ada ya utangazaji ya yuro 18.36 ambayo kila kaya Ujerumani hulipa kwa mwezi inakwenda kwa vituo vya ndani: ARD, ZDF na Deutschlandradio. DW yenyewe inakula bajeti ya serikali kuu. Idhaa ya Dunia ya BBC, pamoja na hela ya leseni ya TV wanayolipa Waingereza, inapata fungu la Wizara ya Mambo ya Nje. Tatizo si hela, ni nani anaweza kumng'oa bosi. Wa TBC anateuliwa na Rais.

Tukuyu: Hata sheria haitoshi. VOA, Sauti ya Amerika, inalindwa na sheria ya 1976 inayodai habari sahihi na zisizoegemea upande. Machi 2025 Trump akatoa amri, wafanyakazi wakapelekwa likizo, matangazo yakazima.

Makambako: Mnasahau njia ya kufika vitani. Vita vya Falklands 1982 kati ya Uingereza na Argentina, waandishi walisafiri kwenye meli za jeshi la Uingereza, kila walichoandika kikipita kwa wakaguzi, na kuna picha zilizochukua zaidi ya wiki mbili kufika London. Pamoja na hayo BBC ilisema "majeshi ya Uingereza", si "majeshi yetu", na Waziri Mkuu Thatcher akawaka. Gaza nako, tangu Oktoba 2023 Israel haiwaruhusu waandishi wa nje kuingia wenyewe. Kinachobaki ni waandishi wa Gaza wenyewe, tamko la jeshi, idadi ya vifo ya wizara ya afya ya Gaza na video za simu.

Mwanjelwa: Sawa, basi TBC ifanyeje?

Kihesa, Iringa: Idadi ya vifo isisomwe bila kutaja aliyeitoa. Tamko la JWTZ lisomwe kama tamko, kisha lipimwe na chanzo cha pili. Kwa Kongo kuna Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa. Video ikaguliwe kwanza: mabango, milima, vivuli, na kama haikuwahi kurushwa miaka ya nyuma. Hapo ndipo wengi huumbuka, video ya zamani inapewa jina la mji mpya. Ikikosewa, isahihishwe saa ileile ya taarifa, si usiku wa manane.

Tukuyu: Yote hayo yanataka mhariri asiyeogopa simu ya mkubwa. Huyo mnamlindaje?

Makambako: Bodi ndiyo imwajiri, kwa mkataba wa miaka inayojulikana, na bajeti ipitishwe ya miaka mitatu kwa mpigo.

Mwanjelwa: Na bodi je, mkuu, nani anaiteua?